Fungu Langu la Fimbo

Tulizaliwa wawili, mimi na pacha wangu wa kiume, katika kambi ya wachimbaji wa shaba hapo Kolwezi, miaka ile Wabelgiji walipokuwa bado wanaamini hawataondoka. Wazazi wetu walitoka Kasai, na kwa watu wa Kasai mapacha ni watoto wa kuogopwa kidogo. Ukimpa mmoja karanga, mpe na mwenzake. Ukimsalimu mmoja, msalimu na wa pili, hata kama amelala. Ukikosea, yule uliyemsahau ataugua, na huenda akaondoka duniani kwa kususa. Mama aliishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Baba naye aliishika, ila kwa namna yake, na namna yake hiyo ndiyo iliyonikaa kooni mpaka leo.

Watu hupenda kusema wavulana ndivyo walivyo. Nimelisikia neno hilo harusini, msibani, hata hospitalini. Mvulana kampasua mwenzake kichwa: ndivyo walivyo. Mvulana ana miaka minne na hajui kusema anataka maji: ndivyo walivyo, atasema tu. Kila nikilisikia hasira hunipanda. Mimi nimelala tumbo moja na mvulana. Najua alivyokuwa kabla hatujamtia mikono.

Kila wiki akina mama wa kambi walipanga foleni kwenye zahanati kupima watoto kilo. Haikuwa hiari. Kampuni ilitaka watoto wanene, maana mtoto mnene wa leo ndiye mchimbaji wa kesho, na mama aliyekosa foleni alikosa maziwa ya unga. Mama alikuwa na kadi mbili. Yangu, aliniambia baadaye, ilipanda bila matata. Ya pacha wangu ilipanda, ikashuka, ikagoma. Alikuwa ananyonya na kuchoka kabla ya kushiba, na akianza kulia hakuna wa kumnyamazisha. Mkunga aliyetuzalisha, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwanamke wa maneno machache, alimwambia Mama mbele ya foleni nzima:

“Mama ya mapasa, sikia. Batoto baume banakuyaka mu dunia na nguvu kidogo. Mi naonaka kila siku. Basichana banashika ziwa mbio, banasema mbio. Uyu mwanaume wako, umubebe sana. Umubebe kupita dada yake.”

Mama akacheka, na foleni yote ikacheka. Ambebe mmoja kupita mwenzake? Mapacha? Huko si kutafuta kifo? Akaendelea kutubeba kwa zamu, mmoja asubuhi na mwingine mchana, wala hakuiba hata kidogo katika zamu yangu kumwongezea yeye. Nami sikuihitaji. Nilikuwa nimeshiba, mzito, nimetulia. Kosa la kwanza lilikuwa hilo, na lilifanywa kwa upendo mtupu.

Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, nilifanya kazi miaka mingi palepale kwenye mizani ya watoto, na yule mkunga alisema kweli. Wavulana ndio walionitia wasiwasi zaidi. Ndio waliochelewa kutamka, ndio waliolia mtu akipita tu mlangoni. Na ndio hao ambao mama zao waliwaweka chini mapema, eti wasizoee mgongo.

Nilianza kusema kabla sijatembea sawasawa. Pacha wangu alifika miaka minne akiwa na neno moja, “bo”, alilolitunga mwenyewe. Bo ilikuwa maji, bo ilikuwa bukari, yaani ugali, bo ilikuwa mbwa wa jirani. Mimi niliijua bo ya kiu na bo ya kuogopa. Nikawa kinywa chake. Mtu akimwuliza jambo alinigeukia mimi, nami nikajibu, naye akatikisa kichwa kukubali, hata pale nilipobuni tu. Maneno mengine yalipokuja yalikuja mafupi na kwa taabu, kwa hiyo desturi hiyo haikufa. Nilisema, akakubali. Hakuwahi kunikana.

Hakuwa mkorofi. Hili nataka lieleweke vizuri. Alipenda kukaa karibu na mbabula, lile jiko la makaa, ameegemea goti la Mama huku akipepea moto kwa kipande cha boksi. Alipenda kushika ncha ya gauni langu tukitembea. Mtoto mdogo akianguka na kujigonga, aliyelia ni yeye.

Baba aliendesha mashine ya kutoboa mwamba machimboni. Kutwa nzima alitukanwa na vijana wa Kizungu wadogo kuliko mdogo wake wa mwisho, akaitikia ndiyo bwana. Jioni alirudi, vumbi mpaka kwenye kope, akamkuta mwanawe wa kiume amelaza kichwa kwenye mapaja ya mwanamke. Nadhani alimwona kama mtu aliyekwisha kushindwa kabla hajaanza. Siku moja, tulipokuwa na miaka sita, alimshika mkono akamwinua.

“Toka pale ku mapaja ya mama yako. Kuanzia leo, machozi ni ya dada yako. Weye uko mwanaume.”

Mama akaokota kipande cha boksi, akaendelea kupepea moto. Baba akampeleka nyuma ya nyumba, akatundika gunia la unga lililojazwa mchanga, akamkunja vidole kimoja kimoja mpaka ngumi ikakamilika.

“Mutu akikucheka, hapana kujibu na kinywa. Kinywa haunayo. Jibu na hii.”

Pacha wangu akapiga gunia. Akapiga tena, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Aligeuka kunitazama, na mimi, ajabu ya Mungu, nilipiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Baba akimsifu, nikafikiri ni sherehe yetu sote wawili.

Wavulana wa kambi walikuwa na mchezo wao. Walimfuata barabarani wakipiga kelele, “Bo! Bo!” Zamani alikuwa anajificha nyuma yangu. Sasa alijibu kama alivyofundishwa. Na hapo ndipo nilipoanza kumwona baba yangu vizuri, ingawa nilikuwa mdogo. Mvulana akipigwa na asiseme kwao, Baba alicheka na kumpiga pacha wangu bega kwa furaha. Mama wa mvulana akija mlangoni kushtaki, Baba alichukua fimbo. Baba yuleyule aliyefundisha ngumi Jumapili aliichapa ngumi hiyohiyo Jumatatu.

Siku ya kwanza alipoiinua fimbo, Mama alimshika mkono. Sikudhani kama angethubutu.

“Tata ya mapasa, hapana kupiga umoja! Ukipiga uyu, piga na mwenzake. Ukimuacha, atagonjwa.”

Baba akasimama akafikiri. Kisha akamchapa pacha wangu mpaka fimbo ikakatika. Akaokota kipande kilichobaki, akanijia, akanigusa nacho begani mara moja, taratibu, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye koti.

“Basi,” akasema. “Bote babili.”

Wote wawili tumepata, sheria ikawa imetimia. Mama akashusha pumzi, akarudi kwenye sufuria yake. Mimi nilicheka, kwa sababu fimbo ilinitekenya. Na pacha wangu, kamasi zinamtoka, miguu imevimba michirizi, alinisogelea akanipangusa begani pale fimbo iliponigusa. Alidhani imeniuma.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu. Yeye anachapwa, mimi naguswa, bote babili. Sikuwahi kuona aibu. Mtoto anayependelewa haoni kama anapendelewa, anaona tu kwamba dunia inakwenda vizuri. Mpaka nilipofikisha miaka kumi nilikuwa naamini kwa dhati kwamba tumegawana kila kitu sawa.

Shuleni mambo yalikuwa yaleyale. Mimi nilikuwa kwa masista, tukisoma na kushona, na sista wangu alinisifu kwa mkono wangu mwepesi. Yeye alikuwa kwa mapadre, darasa la watoto waliomfika kifuani, mkubwa kuliko wote na wa mwisho kuliko wote. Herufi zake zilitazama upande usiotakiwa. Mwalimu hakuuliza kwa nini. Alichapa. Kwa hiyo mtoto huyo alichapwa kwa kutosema, akachapwa kwa kuandika vibaya, akachapwa kwa kupiga, na katikati ya hayo yote hakuna hata mtu mmoja aliyemrudisha kwenye lile goti karibu na moto.

Tulikuwa na miaka kumi na moja jambo letu lilipotokea. Nilikuwa kwenye foleni ya bomba, pacha wangu nyuma yangu, bado ameshika ncha ya gauni langu na ukubwa wote ule. Akaja mtoto wa kapita, msimamizi wa safu yetu ya nyumba, kijana wa kutuzidi miaka miwili. Ndoo yangu ilikuwa imejaa nusu. Akaipiga teke, akaweka yake. Maji yakanimwagikia miguuni na foleni ikaangua kicheko. Nilikuwa nimesubiri tangu king'ora cha kazi cha asubuhi. Nikageuka nikamwambia pacha wangu neno moja:

“Mupige.”

Akaachia gauni langu. Akaokota ndoo tupu, akampiga nayo usoni, na ukingo wa bati ukampasua yule kijana paji la uso mpaka mfupa ukaonekana. Angeweza kuishia hapo. Lakini aliinua ndoo tena huku akinitazama, akisubiri nimwambie basi, na neno basi halikunitoka. Nilikuwa nafurahi. Watu wazima watatu ndio waliomkamata.

Tuliitwa kwenye ofisi ya kambi, barazani. Shefu wa kambi, Mbelgiji mnene aliyevaa kaptula, alikaa kwenye kiti cha kukunja. Kapita alisimama pembeni yake, mikono kifuani. Baba alikuwa ameshika kofia yake mbele ya tumbo.

“Nani alianza?” shefu akauliza kwa Kiswahili chake cha amri.

Pacha wangu akanigeukia mimi. Wote wakanigeukia.

Nilijua la kusema. Nilipaswa kusema mtoto wa kapita alipiga ndoo yangu teke, na mimi ndiye niliyetoa agizo. Lakini masista walisomesha wasichana wenye sifa njema tu, na neno la kapita liliwafikia upesi. Na kulikuwa na fimbo. Ile ya kuguswa nilikuwa nimeizoea. Ya kweli sikuwahi kuionja, na nilijua kwamba nikisema, siku hiyo nitaionja.

“Mi sijue,” nikasema. “Mi nilikuwa naangalia maji.”

Pacha wangu akatikisa kichwa. Ndiyo. Alinikubalia kama alivyonikubalia siku zote. Kama nimesema nilikuwa naangalia maji, basi nilikuwa naangalia maji.

Shefu hakuhitaji zaidi. “Uyu mutoto hapana muzuri. Atoke mu kambi, mbele mwezi inaisha. Kama hapana, familia yote inatoka.”

Baba hakubishana. Nyumba ilikuwa ya kampuni na unga tulioula ulikuwa wa kampuni. Majina yetu yote yalikuwa katika kitabu kimoja cha familia, na shefu ndiye aliyekuwa na kalamu. Baba mkubwa, kaka yake Baba, alifanya kazi ya reli huko Mutshatsha, akakubali kumchukua. Ilibaki shida moja. Pacha wangu hakuwahi kulala chini ya paa ambalo mimi simo, na akilazimishwa alikuwa na nguvu za kutosha kuvunja mlango. Baba akaniita jioni moja baada ya kazi, tukakaa karibu na mbabula.

“Mama,” akasema. Aliniita hivyo aliponipenda, na aliponihitaji. “Utaenda naye ku gari. Akikuona unapanda, na yeye atapanda. Kisha utasema kiu inakushika, utashuka kunywa maji. Gari itaenda.”

“Na mi?”

“Weye utarudia na mi ku nyumba. Mvula ikianza, nitaenda kumurudisha. Bakubwa batakuwa bamesahau.”

“Kweli?”

“Mi baba yako.”

Nilimwamini. Au tuseme nilitaka sana kumwamini, maana nami nilikuwa nimechoka kushikwa gauni. Hilo sikumwambia mtu.

Mama alinunua kitambaa kimoja, cha buluu chenye maua ya manjano, akamshonea yeye shati na mimi gauni. Akafunga mafurushi mawili kwa vitambaa vinavyofanana. Katika la kwake alitia nguo, blanketi na karanga. Langu alilijaza magunia matupu ya unga. Akalinyanyua moja, akanyanyua la pili, akaona langu ni jepesi, akatafuta kipande cha tofali akakitia katikati ya magunia ili uzito ulingane. Nilimwona akifanya hivyo. Hata katika udanganyifu, sheria ya mapacha ilishikwa, na mama yangu alilia alipokuwa akikaza fundo.

Siku ya safari pacha wangu alikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kumwona. Hakuwa amepanda gari la moshi maishani. Alisema maneno mengi asubuhi hiyo kuliko wiki nzima: moshi, chuma, refu, tazama. Tukapanda. Baba mkubwa alikaa mbele yetu, akiangalia viatu vyake. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha nikasema.

“Kiu.”

“Nenda,” akasema pacha wangu. “Mi nachunga nafasi yako.”

Akaweka furushi langu mahali nilipokuwa nimekaa, akaliwekea mkono juu ili mtu asinipokonye kiti.

Nilishuka. Baba alikuwa ananisubiri bombani. Nilikunywa, tena nilikunywa kwelikweli, maji yakanijaa tumbo, kwa sababu nilifikiri nikinywa sitakuwa nimesema uongo. Filimbi ikalia na magurudumu yakaanza kuzunguka. Kichwa cha pacha wangu kikatokea dirishani, akinitafuta, na aliponiona sikuona hasira usoni mwake. Niliona hofu, na ilikuwa ya kunihofia mimi.

“Kimbia!” akapiga kelele, amenyoosha mkono wake wote nje. “Kimbia! Inaenda! Kimbia!”

Alidhani nimechelewa. Mkono wa Baba ulikuwa begani pangu, palepale pa fimbo, wala haukunibana. Ningetaka kukimbia ningekimbia. Nilisimama nikitazama shati la buluu mpaka likapotea kwenye kona, na bado nilisikia akiniita nikimbie.

Mvua ikaanza. Kila jioni nilimwangalia Baba anavua viatu, nikisubiri aseme kesho anakwenda Mutshatsha. Mvua ikaisha. Nikamwuliza.

“Mwanaume anakomelea kule,” akajibu, yaani aachwe akomae hukohuko, akaomba maji ya kunawa.

Mvua ya pili ikaja ikapita. Siku moja Mama aliugua, akanituma mimi kuchukua posho ya familia, akanipa kitabu. Masista walikuwa wamenifundisha kusoma, na nilijivunia. Nikakifungua kwenye foleni. Majina yetu mawili yalikuwa mstari kwa mstari, yeye kwanza, mimi chini yake. Jina lake lilikuwa limepigwa mstari mwekundu, ulionyooka, wa rula. Pembeni kulikuwa na tarehe. Nikaisoma, nikaisoma tena. Ilikuwa siku mbili kabla ya Baba kuniita mama karibu na mbabula. Aliye na mstari huo hakuruhusiwa kulala kambini hata usiku mmoja, na kila mtu mzima wa kambi alilijua hilo. Aliponiambia mvua ikianza, alikuwa anajua. Aliponiambia mimi ni baba yako, alikuwa anajua.

Nililia pale kwenye foleni mpaka mgawa unga akaniuliza nani amekufa. Nilikuwa nimemuuza pacha wangu kwa ahadi, na ahadi yenyewe ilikuwa hewa. Nilirudi na unga nikauweka miguuni pa Mama, nikamwonyesha kitabu. Yeye hakujua kusoma, lakini mstari ule aliujua. Aligeuza uso ukutani. Tangu siku hiyo niliishi nao kwa heshima zote, nikapika, nikafua, nikasema ndiyo tata, ndiyo mama, na sikuwaamini tena hata wakiniambia jua limechomoza.

Nilipata nafasi ya kwenda Mutshatsha nikiwa na miaka kumi na saba, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Habari zake zilikuwa zimetufikia kabla: kamvunja mtu taya, kalala selo ya polisi, watu wanavuka njia wakimwona. Baba alizisikiliza habari hizo akitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema wavulana ndivyo walivyo. Mimi niliondoka mezani.

Mke wa baba mkubwa alinipokea uani, akanipa kigoda. Hakuwa na haraka.

“Batu banasema alikuya huku na ule ukali. Bongo, ni uongo tu. Alikuya mupole. Ile siku ya kwanza alifungula mufuko yako, anasema atapanga nguo zako, sababu utakuya na gari ya kesho. Akakuta magunia na tofali. Akafunga tena. Mwaka muzima, kila siku gari ya Kolwezi inafika, yeye eko pale na ule mufuko ku kichwa, anakuchunga kama utashuka. Hapigi mutu. Hata batoto banamucheka, hapigi.” Akapepeta mchele kidogo, akaacha. “Siku aliacha kuenda ku gari, njo siku alianza kupiga batu.”

Nilimkuta nyuma ya stesheni, akipakia magunia ya makaa. Alikuwa mrefu kuliko Baba. Vidole vyake vilikuwa na makovu juu ya makovu. Wenzake waliokuwa wakicheka walinyamaza aliponigeukia, na walisogea mbali bila kuambiwa. Macho yalikuwa yaleyale.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Ndoo, neno nililomwambia, na uongo wangu pale ofisini. Kiu. Furushi nililoliona likijazwa tofali. Safari hii nilikuwa kinywa changu mwenyewe, na nilikwama mara nyingi kuliko alivyowahi kukwama yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. Ndiyo.

“Nikane!” nikampigia kelele. “Sema kitu! Nitukane!”

Nikaokota fimbo kwenye rundo la kuni, nene, mbichi, nikamtia mkononi.

“Ile fungu yangu,” nikasema. “Ile yote. Piga.”

Akaitazama fimbo. Nikafumba macho, nikakaza meno. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka maumivu yale. Nilisikia pumzi yake karibu, nikasikia mkono wake ukipanda.

Fimbo ikanigusa begani mara moja, taratibu.

“Basi,” akasema. “Bote babili.”

Nilipofumbua macho alikuwa ameiweka fimbo juu ya rundo na kuinama kuchukua gunia lake. Nilibaki nimesimama palepale, bega limeinama upande wake, nikisubiri aje anipanguse. Alibeba gunia mpaka kwenye behewa, akarudi, akapita kando yangu, akabeba la pili.